Semina Yenu ya Muziki Imenivurugia Boma

Mzee Kailemia,
Kiirua, nyuma ya kinu cha unga.

Kwa Madam Jedidah,
Mwenyekiti, Chama cha Walimu wa Muziki wa Shule, Meru na Embu.

Madam Mwenyekiti,

KUH: OMBI LA KUFUNGA SEMINA ZOTE ZA WALIMU WA MUZIKI

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, umekaa, na kiti kiwe na mgongo.

Unaandikiwa na mtu anayejua muziki. Mimi nilipiga ngoma katika mashindano ya kitaifa ya shule, huko Nairobi, mbele ya waamuzi waliovaa tai. Hiyo ni kweli kabisa, isipokuwa kidogo. Nilikuwa nimepelekwa kulinda basi la shule, na ngoma yenyewe niliipiga kwa goti nikiiteremsha kutoka juu ya basi. Waamuzi walikuwa ndani wakinywa chai. Lakini ililia, Madam, na kuna mtu aligeuka. Kwa hivyo usidhani unaandikiwa na mtu wa barabarani.

Sasa malalamiko. Mimi nilifika darasa la nne tu, na huko tulifundishwa kuandika kwa nambari ili mkubwa asichoke.

1. Mwalimu Karwirwa, yule anayefundisha muziki katika shule yetu ya msingi, alikuja kwangu siku moja kuomba miche ya sukuma. Alitukuta mimi na mke wangu Ntinyari uani tukipiga maharagwe. Tulikuwa tumesimama tukitazamana, kila mtu na fimbo yake, maharagwe makavu yametandazwa katikati kwenye turubai. Ntinyari huimba tukipiga. Ni wimbo wa mama yake, wa kazi hiyo tu, hata harusini hauimbwi. Mwalimu akatoa simu. Nilidhani anatupiga picha, nikavuta tumbo ndani. Kumbe anachukua sauti, na tumbo langu nimelitesa bure. Miche akaisahau, wimbo akaenda nao Embu kwenye semina yenu, na huko, katika kile kipindi chenu cha walimu kujuana na kubadilishana ujuzi, akawachezea wenzake wote wausikie. Mimi nauliza kwa heshima: kabla ya kujuana, walikuwa wanaumwa wapi?

2. Hamkutosheka na sauti, mkamtaka mwenyewe. Likizo ya Aprili mlimwita Ntinyari aje kwa semina kama mtaalamu. Mtaalamu! Nimeishi na huyu mwanamke tangu nywele zangu zikiwa nyeusi na hakuna siku niliambiwa ninalala karibu na mtaalamu. Akaenda wiki nzima, mimi nikaachiwa ng'ombe. Na ng'ombe wetu hukamuliwa akiimbiwa, hiyo ndiyo desturi ya boma letu. Nilipoanza kumwimbia, aligeuza kichwa akanitazama, akatazama lango kama anayetafuta gari, halafu akafunga maziwa. Jirani yangu Mutwiri aliniita kutoka ng'ambo ya ua: "Mzee, huyo ng'ombe unamwimbia ama unamtisha?" Wiki hiyo nilikunywa chai ya rangi kama mtu aliye hospitalini.

3. Alirudi na kile kitambulisho cha kamba mnachovaa shingoni. Kimeandikwa NTINYARI, na chini yake MTAALAMU. Anakivaa akienda sokoni. Anakivaa kanisani, juu ya sweta ya chama cha akina mama. Anakivaa akikamua, na ng'ombe alishakilamba, kikafutwa kwa leso kama kioo cha miwani. Juzi nilimwambia, kwa upole, kwamba chumvi imezidi kwenye githeri. Alishika kitambulisho, akakigeuza upande wangu, akangoja nisome.

4. Mmemwingiza kwenye kundi la simu la walimu. Tangu hapo simu yake inapiga kelele kama kuku aliyetaga. Mwalimu mmoja wa huko Maua anauliza njuga zifungwe juu ya kifundo au chini. Mwalimu mwingine hata sijui ni wa wapi anatuma watoto wakiimba, na nyuma yao mbwa anabweka kwa sauti nzuri kuwashinda. Halafu kuna huyu Gichovi, anayefundisha huko chini kwenye joto la Embu, ambaye anamwita mke wangu "Mama". Mimi bado hajapata la kuniita. Chai ya asubuhi inapoa huku mtaalamu anamwambia, "Gichovi mwanangu, wale wasichana wa nyuma wanaimba kama viatu vinawabana. Wavue viatu." Na wakavua! Na ikawa afadhali! Hiyo ndiyo iliniuma zaidi.

5. Mwezi uliopita, kwenye mashindano pale Embu, shule ya Gichovi iliimba wimbo wetu wa maharagwe na ikashinda shule yetu. Tulipigwa na maharagwe yetu wenyewe. Na sisi tuliimba nini? Wimbo wa kurina asali ambao Gichovi alimpa Mwalimu Karwirwa huko huko kwenye semina, wamebadilishana kama watu wa sokoni. Watoto wa Kiirua, ambao huvaa sweta mpaka saa sita, walikuwa wanaimba juu ya jua kali na nyuki, na mjukuu wangu Kajuju anajifuta jasho la kujifanya. Tulipotangazwa wa tatu, nilimtazama Mwalimu Karwirwa ili tulie pamoja. Alikuwa anamkumbatia Gichovi. Ati, "Mzee, ushindi ni wetu sote." Madam, mimi nilipanda gari kutoka Kiirua mpaka Embu kwa sababu ya ushindi wetu sisi peke yetu. Wa sote ningeusikia kwa redio nikiwa nyumbani.

6. Ya sita nilikuwa nayo asubuhi. Iachie nafasi.

7. Sasa angalia mbele, maana wewe ni kiongozi. Walimu wakiendelea kufundishana hivi, shule zote zitaimba vizuri. Zote zikiimba vizuri, hakuna atakayekuwa wa mwisho. Asipokuwepo wa mwisho, wazazi wanaokuja kucheka watoto wa wenzao watabaki nyumbani, na hao ndio wengi. Muuza mahindi choma langoni atazima moto. Waamuzi watakosa la kusema, na mwamuzi aliyekosa la kusema akirudi kwake ataanza kuamua mambo ya jikoni, nyumba ivunjike. Wakati huo huo kila mama mwenye wimbo wa kuchekecha unga ataitwa Embu kuwa mtaalamu. Wanaume wa Meru yote watabaki wakiimbia ng'ombe. Maziwa yatafungwa kutoka hapa mpaka Maua. Ofisi za serikali zitakunywa chai ya rangi, na unajua mwenyewe faili husukumwa na nini. Huo ndio mwisho wa kaunti, na utakuwa umeanza na miche ya sukuma.

Kwa hivyo naomba haya:

Semina zifungwe. Kila mwalimu akae shuleni kwake afundishe anachojua mpaka kiishe. Walimu wa muziki wakikutana njiani wasalimiane juu ya mvua tu, na wasikae sana.

Na la mwisho, ambalo ndilo kubwa: ule mwaliko mliotuma wa kumwita Ntinyari tena likizo hii ya Agosti, uiteni urudi. Amesema haendi mpaka mimi nikubali kwa mdomo wangu mwenyewe. Ameuweka kabatini, chini ya zile sahani za wageni, na hajaniuliza tena. Angeniuliza ningekataa vizuri, nimejiandaa. Lakini haulizi. Siku hizi nimekuwa mtu wa kutoka nje kila mara kuangalia ng'ombe ambaye hana shida yoyote. Kitambulisho amekivua, amekitundika kwenye msumari karibu na taa. Hata chumvi imekuwa sawa, Madam, na hilo linanitisha.

Wasalimie walimu wote, wa sauti za juu na za chini. Msalimie Gichovi, lakini kidogo. Wasalimie na wapishi wa ile semina, maana nimesikia mnakula kuku, na hilo ningeliweka nambari ya sita kama lingekuja mapema.

Mimi niliyekosewa, lakini bado na heshima,
Mzee Kailemia.

N.B. Mimi huandika huku nikijisomea kwa sauti, ndivyo tulivyofundishwa. Nilikuwa nimesahau kwamba Ntinyari yuko hapo uani, anapiga maharagwe peke yake. Amesikia yote, hata lile la kuku. Aliimba mstari wa kwanza, akainua fimbo, akanyamaza nayo ikiwa juu.

Wacha nikueleze jambo, Madam. Wimbo huo una kiitikio, na kiitikio ni cha anayesimama upande ule mwingine. Unaitikia fimbo yako ikiwa hewani, ndiyo mwenzako ajue uko wapi. Ukiitikia ikiwa chini, mnavunjana vidole. Watoto wa Gichovi wameshinda, sawa, lakini wanaitikia fimbo zikiwa chini. Ntinyari amewaeleza kwa simu mpaka amechoka. Hawezi kuwaonyesha, kwa sababu ni kazi ya watu wawili na mmekuwa mkimwita mmoja.

Fimbo ilikaa juu. Niliweka kalamu chini, nikaenda, nikaitikia. Tumepiga mpaka turubai limejaa.

Kwa hivyo futa yote niliyoandika kutoka nambari moja, ila lile la ng'ombe. Ntinyari atakuja Agosti, nimekubali kwa mdomo wangu. Na mimi nitakuja naye. Ng'ombe tumemwachia Mutwiri, anayesema yeye anajua kuimba. Fimbo tutabeba zetu. Gichovi alete watoto wake wakiwa wamevua viatu.

Siku ile ya mashindano mvua ilikukuta uwanjani na karatasi zako, nikakufunika na koti langu mpaka kwenye gari. Ulisema, "Mzee, huu wema nitaurudisha." Basi urudishe kidogo. Nataka kitambulisho cha kamba. Usiniandike mtaalamu, nyumba moja haitoshi wawili. Wala usiniandike mume wa mtaalamu, Mutwiri atanicheka mpaka Krismasi. Andika KAILEMIA, na chini yake, kwa herufi kubwa kama zake: ANAYEITIKIA.