Kompyuta Yangu Imemfanya Katekista Mjane

Jamani, leo nimeaibika. Tena kwa projekta, ukuta mzima!

Mnajua nafanya kazi kwenye ghala la mahindi na ulezi hapa Sumbawanga. Miezi mitatu nimekuwa naifundisha kompyuta kuwajua watu tunaofanya nao biashara. Mkulima ni nani, msafirishaji ni nani, mnunuzi ni nani, nani anahusiana na nani. Halafu nikaiwekea sheria ili mengine ijue yenyewe. Sheria niliyoipenda kuliko zote: majina mawili yakiwa na namba moja ya simu, huyo ni mtu mmoja. (Nilijiona profesa.)

Leo asubuhi bosi wangu, Mama Leokadia, kaita kikao. Wakulima wametoka Mwazye na Msanzi. Mnunuzi wa Kasanga naye yupo, yule anayevusha mizigo kwenda Kongo. Akiuamini mfumo wangu, anachukua ulezi wetu wa msimu wote. Nimevaa na tai!

"Tuanze na Mzee Deogratias," nikasema. Ni katekista kule Mwazye, kakaa mbele na mkewe. Nikabonyeza.

Ukutani ikatokea: *Deogratias. Mwanamume. Mwanamke. Katekista. Mpika pombe. Mjane.*



Kumbe jirani yake, mama mjane anayepika pombe ya ulezi, hana simu. Alipojiandikisha kwetu alitoa namba ya mzee.

Mke wa katekista akasimama taratibu. "Mwanangu, kama mume wangu ni mjane, mimi nimekufa?"

"Hapana mama... shikamoo mama..."

"Marahaba. Nimekufa lini? Maana uji wa leo nimeupika mimi."

Ghala zima likaangua kicheko. Katekista kajifunika uso kwa kofia. "Hiyo ya pombe," akaninong'oneza, "padre asiisikie."

Ningezima pale pale! Lakini nikajitetea kwamba ni kosa la huyo mmoja tu.

"Basi hebu tukuone wewe," akasema mnunuzi.

Nikabonyeza jina langu. (Nilisahau kitu kidogo. Wote waliokosa hata namba ya kuazima niliwawekea namba yangu, ili fomu ikubali.)

*Evarist. Umri: ishirini na sita. Umri: themanini na moja. Mvuvi. Ana mkokoteni. Mama wa watoto kumi na mmoja.*

"Hongera kwa uzazi!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma.

Mama Leokadia alikuwa anafuta machozi. Mimi natafuta swichi, siioni.

Aliyeniokoa ni yule yule mke wa katekista. "Simu ni ya mtu mmoja," akasema, "wanaoitumia ni kijiji kizima. Iambie kompyuta yako hivyo."

Mnunuzi akamtazama, akacheka. "Ulezi nitauchukua. Ila sheria aziandike huyu mama."

Hatanii. Tumekaa mpaka saa nane, mama anataja, mimi naandika.

Kesho naanza Mwazye, nyumba kwa nyumba, kuuliza simu ni ya nani na nani anaiazima. Mkiniona napita, tafadhali, chekeni kimoyomoyo.