Kichwa cha Treni Kilichoandikwa Buluu Kikaja Kijani

Trevor Outhwaite,
Kiln Lane, Hobthorpe,
Derbyshire.

Kwa Mhariri,
Jarida la Reli Ndogo na Mabehewa.

YAH: KUUZIWA KICHWA CHA TRENI CHA KIJANI KWENYE BOKSI LA BULUU, NA MJI MZIMA KUKATAA KULIONA HILO

Bwana Mhariri, wewe usiyenijua lakini ninayekusoma kila mwezi,

Naomba uhusike na kichwa cha barua hapo juu, kisha uhusike zaidi na kichwa cha treni, maana hicho ndicho kilichonikosesha usingizi.

Mimi ni mkaguzi wa tiketi mstaafu. Kazi yangu ilikuwa kutazama kitu kidogo mkononi mwa mtu na kusema ni halali au si halali, na sikumbuki kukosea. Jarida lako nalisoma kuanzia jalada hadi matangazo ya gundi. Sijawahi kukuandikia, hata pale mlipochapisha picha ya behewa la maziwa limefungwa nyuma ya behewa la makaa, jambo ambalo wengi wetu hapa Hobthorpe tulilichukulia kama tusi. Nilinyamaza. Safari hii nimeshindwa.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Marehemu baba yangu alikuwa mshika ishara wa reli. Nilipokuwa mtoto mdogo alinibeba mabegani, tukasimama kando ya kibanda chake, na Lady Winstanley, kichwa cha treni chenye jina la kike, akapita mbele yetu akivuta treni ya haraka ya London. Wakati ule, vita vikiwa vimekwisha juzi tu, vichwa vikubwa vilipakwa buluu. Haikudumu. Wakubwa walibadili mawazo vikarudishwa kwenye kijani, kwa hiyo waliobahatika kumwona Lady Winstanley akiwa wa buluu ni wachache, na mimi nimo. Baba aliniambia, "Mtazame vizuri, hawatamwacha hivi." Nikamtazama vizuri.

Tangu siku hiyo nimengoja mtu atengeneze mfano wake mdogo wa rangi ile. Hatimaye kampuni moja, ambayo sitaitaja kwa kuwa nimelelewa vizuri, ikatangaza. Niliagiza siku ile ile. Boksi lilipofika nilinawa mikono, nikatandika kitambaa mezani, nikamwita mke wangu Pauline na rafiki yangu Malcolm Bagshaw waje kushuhudia. Juu ya boksi imeandikwa buluu. Ndani ya boksi, Bwana Mhariri, mna kijani. Tena si kijani cha heshima. Ni kijani cha njegere zilizopondwa zikalala.

Malcolm alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akasema taratibu, "Ndiye yeye, Trevor. Buluu ile ile."

Nikacheka, nikidhani ananitania. Yeye hakucheka.

2. Hapa inabidi nimweleze Malcolm. Tumekuwa marafiki tangu tulipokalishwa dawati moja kwa sababu ya kuzungumza tukiwa madawati tofauti. Alikuwa mwalimu wa piano, chombo chenye rangi mbili tu, kwa hiyo sioni anapata wapi ujasiri wa kubishana nami juu ya rangi ya tatu. Pamoja tulijenga, katika chumba cha ziada nyumbani kwangu, stesheni ya Hobthorpe kama ilivyokuwa zamani, na daraja lake, na handaki lake, na kondoo, na mpagazi aliyekatika mkono wakati Malcolm alipopiga chafya. Kila Alhamisi alikuja baada ya chakula cha mchana. Mimi niliendesha treni, yeye akatangaza kila inayoingia kwa sauti ya stesheni halisi. Pauline alituletea chai, akatuita watoto wake.

Siku ya boksi tulibishana hadi chai ikapoa. Mwishowe akaniambia, "We mzee, macho yako yamechoka. Hata wiki iliyopita ulipaka jamu ya machungwa kwenye soseji."

Nikamjibu, "Bora macho yangu kuliko masikio yako, maana miaka yote umewasikiliza watoto wa watu wakiua piano na ukawaambia wazazi wana kipaji."

Hilo lilimuuma. Akasema anachukua vyake. Na kwa kuwa chumba ni changu lakini stesheni aliichonga yeye, aliing'oa stesheni, akaibeba kwapani pamoja na abiria, akaondoka. Kondoo tuligawana. Mimi nilibaki na daraja na handaki.

Matokeo yake nayaona kila siku. Treni zangu zinatoka handakini, zinavuka daraja, zinafika mahali pasipo na stesheni, zinarudi. Abiria wake wamesimama juu ya kabati lake la vyombo wakingoja treni ambayo haiji. Huduma mbovu kiasi hiki hatukuwahi kuiona hata kwenye reli za kweli.

3. Nikalipeleka suala kwenye mkutano wa chama chetu cha reli ndogo, kwenye ukumbi wa kanisa, nikamweka Lady Winstanley mezani juu ya taulo, nikaomba kura. Nilitegemea angalau Nigel Sproat, mtu ambaye hupinga kila kitu. Alipinga kuwekewa moto ukumbini wakati wa baridi, na alipinga kura ya kumshukuru alipotengeneza bomba. Nigel akamtazama Lady Winstanley pande zote, akasema, "Naona aibu kukubaliana na hawa, lakini ni buluu." Na wengine wote vivyo hivyo.

Nilisimama nikasema kura ni batili kwa sababu Malcolm alikuja na keki ya ndimu, na watu walikuwa wameshakula kabla ya kupiga kura. Katibu wetu, Bi Rita Ollerenshaw, akasema, "Bwana Trevor, keti basi, nawe upate kipande." Nilikataa. Niliketi, ila nilikataa. Malcolm alikuwa upande wa pili wa ukumbi, akitazama viatu vyake.

4. Kuanzia hapo nilifungua macho, na niliyoyaona yanatisha. Kampuni haikuishia kwenye treni. Maziwa tunayoletewa mlangoni yamekuwa ya manjano, nami nikamwandikia mwenye ng'ombe. Wachezaji wetu wa kriketi, ambao tangu enzi za babu yangu huvaa nyeupe, sasa wanavaa nguo za rangi ya chai ya jana, nami nikamwandikia nahodha. Mabata maji meupe ya mtoni yamechakaa rangi. Kanzu ya kasisi ilinipa wasiwasi mkubwa, nikamwambia mlangoni baada ya ibada, kwa upole, kwamba sabuni ipo madukani. Kwenye harusi ya mpwa wetu nilimsifu mama wa bwana harusi kwa gauni lake zuri la kijani. Akaniuliza kama namtania. Pauline akanivuta kwa kiwiko hadi kwenye gari.

Swali langu ni jepesi. Nani anaweza kubadili rangi ya maziwa, bata, kasisi na gauni kwa mpigo, kama si mtu anayetaka kuficha kosa la rangi alilolifanya mahali pengine? Ukitaka kijani kionekane buluu, unabadili kila kitu kilicho pembeni yake. Mkaguzi yeyote wa tiketi angeling'amua hilo.

Pauline alinipeleka kwa mpima macho. Bwana yule alinimulika, akanisomesha herufi, kisha akasema nina mtoto wa jicho, tena macho yote mawili, tena wa siku nyingi. Nikamuuliza kama anafahamiana na Malcolm Bagshaw. Akakiri kwamba Malcolm alimfundisha bintiye piano. Basi sikuona haja ya kuuliza zaidi.

Nimekubali kufanyiwa upasuaji, lakini usinielewe vibaya. Nimekubali ili nirudi mbele ya chama nikiwa na macho yaliyosafishwa kwa gharama ya serikali, na hapo tutaona nani ataketi na kula keki. Jicho la kushoto limeshafanyiwa, na barua hii naiandika likiwa bado limefunikwa.

5. Kwa hayo yote naomba yafuatayo. Jarida lako litangaze kwenye jalada, kwa herufi ambazo hata mwalimu wa piano atazisoma, kwamba Lady Winstanley aliyeuzwa mwaka huu ni wa kijani. Vichwa vyote vilivyouzwa virudishwe kiwandani na wanunuzi waombwe radhi mmoja mmoja. Kama kampuni itashikilia kwamba ile ni buluu, basi iwe na uaminifu wa kwenda hadi mwisho: nyasi zitangazwe buluu, njegere ziuzwe kama buluu, na taa za barabarani zibadilishwe, maana dereva anayengoja kijani atangoja hadi azeeke pale pale kwenye makutano. Bunge likiona jambo hili ni dogo, nipo tayari kusafiri hadi London kulifafanua, nikiwa na Lady Winstanley kwenye taulo lake.

Ombi la mwisho si la kampuni. Ningependa uandike mahali fulani, bila kunitaja, kwamba stesheni isiyo na treni haina maana kwa mtu yeyote, na kwamba Alhamisi huku kumekuwa kimya. Treni inaingia, hakuna anayeitangaza. Juzi nilijaribu kuitangaza mwenyewe. Pauline alikuja mbio kutoka jikoni, akauliza kama nimeanguka.

Nisalimie wahariri wenzako, mpiga picha (nimeshamsamehe lile behewa la maziwa), wasomaji wote wenye reli za upana wowote, hata zile pana kupita kiasi, na yeyote ofisini kwako anayepika chai. Nigel Sproat naye anawasalimu, ingawa anapinga mimi kusema hivyo.

Wenu katika mvuke na makaa,
Trevor Outhwaite.

N.B. Barua ilikuwa tayari kwenye bahasha. Leo asubuhi nimeondolewa kifuniko cha jicho, na nimelazimika kuifungua tena.

Jambo la kwanza nililoliona ni ukuta wa jikoni. Mwaka jana niliupaka rangi mwenyewe, rangi tulivu, ya kijivu iliyopoa, nikajisifu kwa wageni. Bwana Mhariri, ni buluu ya kumfanya mtu akodoe macho. Ni buluu ya bwawa la kuogelea. Nikamuuliza Pauline kwa nini hakuniambia. Akaendelea kukaanga mayai, akasema, "Ulikuwa na furaha sana siku ile, ukiwa juu ya ngazi unaimba. Nikaona nitazoea." Akageuka. Macho yake nayo ni ya buluu. Nilikuwa nimeshaanza kuamini nimeoa mwanamke mwenye macho ya kahawia, na nilikuwa nimeridhika naye hivyo hivyo.

Kisha nikamfungua Lady Winstanley. Sitaeleza kwa urefu. Nilikaa naye muda.

Nikampigia simu Malcolm, nikamwambia njia iko wazi. Alikuja bila koti, stesheni kwapani, abiria wote wakiwa wamesimama wima isipokuwa mpagazi. Alipangusa vumbi mezani, akaiweka stesheni mahali pake, akaunganisha reli. Halafu akatazama mlango wa jikoni, akaniuliza, "Na ule ukuta ni rangi gani?" Nikamwambia kwa utani ni kijani. Akasema alidhani hivyo. Treni ya kwanza aliitangaza vibaya, ikabidi tuirudishe handakini iingie upya.

Kwa sababu hiyo naomba usiichapishe barua hii. Au ichapishe, lakini uondoe namba moja, mbili, tatu na nne, na sehemu kubwa ya tano, ubakize salamu. Ila usiitupe. Jicho la kulia litafanyiwa upasuaji mwezi ujao, na nimelijaribu sasa hivi: nikifumba la kushoto nikamtazama Lady Winstanley kwa la kulia peke yake, ni wa kijani, waziwazi, na kwa jicho hilo bado nasimamia kila neno.