Dhahabu ya Kuazima Yatiwa Posta

Enock alipoiona pampu mpya ya maji dukani kwa Mama Zahid, pale Geita mjini, moyo ulimdunda kama wa bwana harusi. Mvua zilikuwa zimejaza mashimo ya dhahabu ya Nyarugusu, na pampu kama ile ingegombaniwa kabla hajaishusha. Mfukoni alikuwa na kipande cha dhahabu halisi, alichokiazima kwa Mwita, mwenye shimo, eti akamwonyeshe mteja. Mwita alimwambia kwa upole wa kutisha, "Kikipotea, utanifahamu."

"Shikamoo mama. Naitwa Boaz." Siku hiyo alikuwa Boaz. "Nipe pampu ile, uchukue dhahabu hii. Nina mgonjwa nyumbani, sina muda wa kuvutana bei."

Mama Zahid akakipima kipande, akakitia tindikali, macho yakamtoka. Kingeweza kununua pampu tano. "Marahaba, mwanangu. Ila sonara ni Zahid wangu, naye yuko Shinyanga. Nani atampelekea? Njiani kuna macho."

"Posta, mama!" Enock alikuwa akilisubiri swali hilo tangu asubuhi. "Kinafungwa mbele yako, kinapewa namba. Gari linakipeleka Mwanza, kinapangwa na mizigo mingine, kinashushwa Shinyanga. Zahid anaitwa, anaonyesha kitambulisho, anasaini. Nani atakigusa?"

Hakusema kwamba kwa sheria ya posta mzigo usiomfikia mpokeaji bado ni wa aliyeutuma, na akibadili nia mapema anarudishiwa. Kwa kifungu hicho kimoja Enock alishaliza watu Kahama na Shinyanga, akajiona mwanasheria kabisa.

Posta, Lusia wa kaunta akauliza, "Mtumaji nani? Naomba kitambulisho na namba ya sanduku."

Enock akakohoa. Huko kwingine hakuwahi kuulizwa hayo. Kitambulisho alikuwa nacho, ila hakikumjua huyo Boaz. Sanduku hakuwa nalo. Mchimbaji gani analo?

"Niandike mimi," Mama Zahid akasema kwa huruma. "Nusu ya Nyarugusu wanatumia sanduku langu. Risiti mpe yeye."

Enock aliikunja risiti ile kwa mapenzi. Akapakia pampu kwenye bajaji, akazunguka mtaa, akarudi kaunta.

"Dada, nimeghairi. Nirudishie mzigo wangu."

"Kitambulisho cha mtumaji?"

"Risiti si hii hapa?"

"Risiti imeandikwa Mama Zahid. Aje mwenyewe, atapewa. Gari linakaribia kuondoka."

Enock akakimbilia dukani, jasho likimtiririka. "Mama, chukua pampu yako, tuvunje biashara!"

Mama Zahid alikuwa akipanga mabeseni. Hakugeuka. "Kwani mgonjwa kapona? Biashara imeisha, baba. Wabeja sana!" Alishukuru kwa Kisukuma safi, maana amezaliwa hukuhuku.

Enock akamkumbuka Mwita, akaogopa kama ambavyo hakuwahi kuogopa. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa amefanya biashara ya halali, nayo ikamtia hasara.

Jioni, Mwita aliizunguka pampu, akaipapasa, akaridhika nayo. "Pampu moja. Nne zilizobaki utazichimba."

Tangu siku hiyo Enock yuko shimoni, matope kiunoni, ameshika mpira wa maji. Wenzake wanamwita kwa jina lake halisi, kwa sababu Mwita alianza kwa kumnyang'anya kitambulisho, akakisoma mbele ya wote.