Umeme Mbichi

Natega, wajukuu zangu. Katoka mbali hana miguu, kapita juu ya vichwa vyenu bila salamu, kaingia chumbani kwa tundu la ukutani. Nani huyo? Mmeshindwa? Basi nipeni mji. Haya, nimeupokea, na ndani yake nimeukuta mtaa mmoja wa vumbi ambao taa zake, ikifika jioni, hufifia kama macho ya mtu aliyeshiba.

Bwana Volti aliyaona hayo siku ya kwanza tu alipokatiza pale. Jina la Volti alijipa mwenyewe. Alikuwa na kofia ngumu ya njano, koleo kiunoni, na kalamu nyekundu mfukoni ambayo kwa mbali ungeapa ni testa ya kupimia umeme. Akazitazama taa zinavyofifia, akawatazama watu wanavyosonya, moyo ukamwambia: hapa pana shaba. Maana alichokuwa akikiwinda ni shaba, ile iliyomo ndani ya nyaya na mota, ambayo wanunuzi wa vyuma chakavu huipima kwa kilo bila kuuliza imetoka wapi.

Kesho yake asubuhi akamnasa Mwenye Nyumba, mzee wa vyumba kumi na viwili na mkono wa birika.

"Mzee wangu, umeme unazaliwa wapi?"

"Bwawani. Si maji yanazungusha mitambo?"

"Umenena. Ukitoka pale una nguvu za ndovu. Wanaupandisha kwenye minara ya chuma, unakata mapori na milima. Ukifika kituo cha mjini, wanaupunguza. Ukifika kwenye transfoma hapo kona, wanaupunguza tena. Wewe unafikiwa na nini?"

Mwenye Nyumba akaigeukia transfoma. "Makombo?"

"Umesema wewe, mimi sikusema."

Angalieni, wajukuu. Safari ya umeme aliieleza sawasawa. Alichoficha ni kwamba usipopunguzwa, ukiingia ndani utachoma taa, redio, na mwenye redio. Uongo mtamu hukandwa kwa unga wa kweli.

"Mimi nitakupa umeme mbichi, kabla haujaguswa na mtu. Na mita, mzee? Mita haiujui umeme mbichi. Itabaki ukutani kama picha."

Hapo ndipo Mwenye Nyumba alipokwisha. Kabla ya adhuhuri alikuwa amezima swichi kuu na kung'oa nyaya za vyumba vyote kwa mikono yake mwenyewe, wapangaji wakiwa makazini, ati zipelekwe karakana zikazoeshwe nguvu. Gunia likajaa.

Mwenye akili angeondoka. Lakini Bwana Volti alisikia mashine ya kusaga ikinguruma jirani, mota kubwa ya zamani, shaba tele tumboni. Miguu ikamgeuza yenyewe, gunia begani.

Mashine ilikuwa ya Mama Pumba, mjane. Marehemu mumewe alipanda nguzo za umeme miaka thelathini, na mota ile ndiyo pekee aliyomwachia. Ilisomesha watoto wanne, na ndiyo iliyokuwa ikimlisha mpaka leo. Mama Pumba aliisikiliza hadithi ya makombo huku anapepeta, mpaka ikaisha.

"Sawa, mwanangu, mota utaichukua. Nina swali moja tu. Ndege anatua kwenye waya mkubwa, haungui. Kwa nini?"

Bwana Volti akakohoa. "Swali la kitaalamu sana, mama. Nitalijibu kazi ikiisha."

"Haya. Nitangoja."

Mama Pumba akaenda kwenye kisanduku cha swichi, akazima mashine, kisha kwa siri akachomoa fyuzi, akaifunga kwenye pindo la nguo yake. "Ngazi ya mbao ile pale. Anza kukata waya wa mota huko juu."

Fundi akapanda. Alipoushika tu waya kwa mikono miwili, chini Mama Pumba akapiga ukelele.

"Mama yangu! Nimegusa swichi, umeme umerudi! Usiachie!"

"Niachie?"

"Usiachie! Wala usiguse bati, wala ukuta! Tulia kama ndege!"

Akatulia kama ndege. Fundi wa kweli angechomoa testa. Yeye angechomoa kalamu.

"Mama, nasikia mwili unasisimka!"

"Ndio wenyewe huo," Mama Pumba akasema, akaendelea kupepeta.

Jioni wapangaji walirudi wakakuta kuta zao zina matundu. Kelele zikapanda. Wakamburura Mwenye Nyumba hadi kwenye mashine, alikoonekana fundi akiingia, wakalikuta gunia lao mlangoni.

"Utazirudisha wewe, waya mmoja mmoja!" wakamwambia.

"Nitazirudisha. Kwanza huyu. We tapeli, shuka!"

"Siwezi, mzee! Nina umeme!"

Mama Pumba akafungua pindo, akainua fyuzi juu watu wote waione. "Waya huo umekufa tangu mchana, mwanangu. Shuka. Ila hukunijibu. Ndege kwa nini haungui?"

Bwana Volti akaitazama fyuzi. Akatazama chini: wapangaji wameizunguka ngazi, na mbele yao Mwenye Nyumba, kandambili mkononi. Akaukumbatia waya vizuri zaidi.

"Kwa sababu, mama," akasema polepole, "hashuki chini."