Timu Yangu ya Watu Wawili na Mto Uliojaa

Jumatatu, 3 Novemba
Nimepata mwongozo wa kuongoza timu za kutengeneza programu za simu. Kurasa mia mbili. Nimesoma thelathini. Zinatosha. Timu yangu ni Hulda na Diriye, katika chumba chetu hapa Garsen. Tunatengeneza mfumo wa kuwatumia wakulima ujumbe mto ukianza kujaa. Mwongozo unasema kila asubuhi timu ifanye kikao cha kusimama, dakika kumi na tano, kila mtu aeleze kinachomkwamisha. Nikaanza mimi. Saa moja na nusu baadaye Hulda akaomba kuketi. Nikamuuliza kinachomkwamisha. Akasema, kwa heshima, ni kikao.

Jumanne, 4 Novemba
Diriye anataka tuwaonyeshe watu wa kijiji cha Idsowe kipande kidogo kilicho tayari, watukosoe mapema. Anasema hata mwongozo umeandika hivyo, ukurasa wa arobaini. Sikufika huko. Nimekataa. Nataka uzinduzi: mahema, wageni, na picha yangu itokee kwanza mtu akifungua programu. Ukweli ni kwamba wakimwona Diriye mapema watadhani yeye ndiye mkubwa. Tayari mwenye kibanda cha chai anamwita injinia. Mimi ananiita "wewe".

Jumatano, 5 Novemba
Wamekwenda Idsowe. Waliniaga kwamba wanakwenda kununua samaki. Samaki wamerudi nao pia, nisiwasingizie. Walimwonyesha Mama Teresia, mkulima wa mpunga. Akasoma: "Kina cha mto ni mita nne nukta mbili." Akawauliza, "Sasa mimi nihame au nipike?" Tena simu yake ni kabambe, ile ndogo ya vitufe, haifungui picha. Hulda akaandika upya, kwa ujumbe mfupi wa kawaida: "Maji yanakuja. Hamieni mahali pa juu leo kabla ya jua kutua." Nimewaandikia wote wawili barua ya onyo. Nitawapa kesho, watu wakiwepo.

Alhamisi, 6 Novemba
Mto umevimba kwa mvua za bara. Saa nne asubuhi nikawasha programu yangu. Ikagoma. Picha yangu nzito mno. Ujumbe wa Hulda ukaenda, Idsowe hadi Chara. Hapo nikakumbuka mama yangu yuko Chara, peke yake. Nilipiga simu mara tisa. Hapatikani. Nikakaa sakafuni. Diriye alimpigia binamu yake Abdiaziz, mfanyabiashara wa mbuzi, ambaye lori lake lilikuwa upande ule. Saa tisa mama akashuka hapa Garsen, katikati ya mbuzi, kuku kwapani, simu imeisha chaji. Ujumbe alikuwa ameupata mapema na mizigo ameshafunga.
"Mwanangu," akasema, "ujumbe wako niliuelewa neno kwa neno."
Nikaitikia asante. Kisha nikamwambia si wangu, ni wa Hulda na Diriye.

Ijumaa, 7 Novemba
Mwongozo unasema mwisho wa wiki timu itazame nyuma bila kulaumiana. Nilichana barua ya onyo. Nikawashukuru kwa majina. Hulda akatazama chini. Diriye akasema, "Bwana Levis, mama yako ni mama yetu." Mpunga wa Mama Teresia umekwenda na maji, lakini yeye na wajukuu wake wako salama. Ametuma salamu kwa wale waliomsikiliza. Namshukuru Mungu kwa kunipa watu wasionisikiliza mimi.

Jumatatu, 10 Novemba
Nimebadilika. Nimesoma kurasa kumi zaidi. Kiongozi bora, wanasema, ni mtumishi wa timu yake. Nimeguswa sana, na nimepanga utumishi wangu uanze leo. Diriye ataleta chai. Hulda ataimimina. Mimi nitaandika ripoti ya jinsi nilivyowahudumia.