Anwani ya Mjomba Kwenye Mfano

Jumatatu, 3 Machi

Leo historia imenifuata nyumbani. Mpwa wangu, binti wa dada, katengeneza programu ya kufanya kompyuta zitumiane mafaili zenyewe kwa zenyewe, bila kompyuta kubwa katikati. Hakuna bosi, zote sawa. Anataka mwongozo wa waprogramu watakaoitumia. Kasema Mjomba, wewe maneno hayakupigi chenga, niandikie. Kweli kabisa! Shule niliiacha mapema, lakini walimu ndio walioomba kupumzika.

Ijumaa wageni wanakuja ofisini kwake kuijaribu, huku wakifuata mwongozo wangu. Ikikubali, wanaichukua, na mtoto kapata kazi ya uhakika. Nami jina langu litakaa ukurasa wa kwanza: Mwandishi Mkuu.

Shemeji, baba yake binti, kacheka mpaka chai ikamtokea puani. Eti hata nikimwelekeza mtu njia ya kuja kwangu, anapotea. Wivu huo.

Jumanne, 4 Machi

Sura ya kwanza: maisha yangu. Mpwa kaifuta yote! Kasema waprogramu hawana haja ya kujua nilivyomtuliza fahali kwa kumkazia macho. Hasara yao.

Kanieleza jambo. Kompyuta mpya haiingii hivi hivi. Lazima iwe na anwani ya moja iliyokwishaingia, nayo ndiyo itaitambulisha kwa nyingine. Kwenye mfano niandike tu, "Weka hapa anwani ya jirani yako."

Jirani! Jirani gani? Mtu mzima mimi niache pengo kwenye kitabu changu? Nimeweka anwani ya kompyuta yangu. Nimejaribu, inafanya kazi tamu. Mpwa yuko bize, hajaona. Atafurahi mwenyewe.

Alhamisi, 6 Machi

Mwongozo umetoka! Tena nimegundua siri ya waprogramu: hawasomi. Wananakili mfano kama ulivyo. Kila anayejiunga anabisha hodi kwangu kwanza. Kompyuta inanguruma kama mashine ya kusaga. Feni yake inapuliza joto hadi mama watoto kaanika soksi nyuma yake. Mimi nimekaa mbele, nimevaa koti. Mwenyeji lazima awe nadhifu.

Shemeji kapita. Nikamwonyesha watu wanavyomiminika. Hakucheka. Shemeji, hakucheka! Halafu kauliza mbona wote wanapitia kwako. Nikamwambia ndivyo inavyokuwa kwa watu wenye watu.

Ijumaa, 7 Machi

Siku kubwa. Nikaona si vizuri wageni waondoke bila kuiona mashine yenyewe. Nikaizima, nikaikunja, nikaifuta vumbi, nikaitia begini. Nikapitia kwa kinyozi. Kinyozi naye nikamsimulia kidogo, nikachelewa.

Kufika ofisini, sura za msibani. Wageni wanakodolea macho vioo vya kompyuta. Hakuna kompyuta inayoiona nyingine. Mpwa jasho linamtiririka, anapekua mwongozo wangu. Akafika kwenye mfano, akaweka kidole. Akauliza polepole, anwani hii ya nani.

Nikasimama wima. Nikasema yangu.

Mkuu wa wageni, mama mmoja wa miwani, akauliza kama hii ndiyo ile programu isiyo na bosi. Shemeji, aliyekuja kusaidia kupanga viti, akakosa kiti cha kukalia, akakaa chini kwa kicheko. Nikawaambia tulieni, mwenyewe nimefika. Nikaifungua kompyuta. Wakaanza kuingia, mmoja, wawili, shangwe! Chaji ikakata. Chaja iko nyumbani, chini ya soksi.

Mpwa akaifuta anwani yangu mbele ya watu. Akawaambia kila mmoja aweke ya aliyekaa naye. Wote wakaingia. Nikazima na kuwasha taa mara mbili kuona kama ni umeme. Siyo umeme.

Wanaichukua programu. Mtoto kalia kwa furaha, kanikumbatia hata mimi. Ila mama wa miwani katoa sharti: mwongozo uandikwe upya, na mtu mwingine. Kapewa nani? Shemeji! Jina langu limeondoka ukurasa wa kwanza. Nimekula mkate mkavu nikiwa nimesimama.

Jumapili, 9 Machi

Damu nzito. Mpwa kaja kunibembeleza. Kasema Mjomba, usinune, nimekuachia ukurasa mmoja, wa mwisho: "Ukikwama Fanya Hivi." Niwaambie tu wamuulize yeyote aliye kwenye mtandao, maana wote wanaweza kusaidia. Nimemwitikia vizuri, kaondoka anatabasamu.

Yeyote! Mtu amekwama, analia, umwambie yeyote? Huo ni ukatili. Nimeandika kwa herufi nene: "Ukikwama, mpigie Mjomba." Namba yangu ya simu chini yake. Shemeji abaki na kurasa zake zote. Huu wangu ndio watakaoufungua machozi yakiwatoka.

Jioni hii ukurasa umetoka. Simu imeanza kuita, inaita, inaita, mpaka inatembea mezani. Mama watoto kauliza kwa nini sipokei.

Nimeizima. Wasije wakadhani napatikana ovyo.