Simba wa Bibi Koleta

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Nina miaka themanini na moja. Mradi wa karanga wa Waingereza ulikufa, mimi nipo. Reli ya Nachingwea niliiona ikija, nikaiona iking'olewa. Mimi sijang'olewa! Maparoko saba wamepita hapa Chiola, wawili niliwachimbia kaburi kwa mkono wangu. Shule niliishia la tatu. Lakini la tatu la wakati ule!

Jana baada ya misa Mwalimu Dafrosa katangaza kuwa anaandika kitabu cha historia yetu, Nachingwea mpaka Ruangwa, zama za biashara ya watumwa. Anapita kwa wazee. Sura ya kwanza ni ya mzee mmoja tu, na picha yake juu. Mzee huyo ni mimi. Mwalimu bado hajajua.

Kikwazo ni Saturnini wa Nanganga, mtani wangu. Kashahojiwa. Eti babu yake aliwaficha watu mia pangoni. Mia! Pango lile nalijua. Mbuzi watatu wakiingia, wa nne anasubiri nje.

Jumanne, 5 Agosti

Sikulala. Bibi yangu mzaa mama, Koleta, alikamatwa kweli. Mtoto mdogo, kamba shingoni, njia ya Kilwa. Akatoroka. Haya nayaandika humu tu, kwa watu siyasemi. Kwetu ukoo unafuata mama. Bibi akiitwa mtumwa, mama ni mtumwa, mimi mtumwa, na wajomba wote waliolala kaburini pia.

Saturnini kasikia uvumi, sijui wapi. Kwenye msiba wa dada yangu aliniita mjukuu wa kamba mbele ya watu. Mtani hakasirikiwi. Nilicheka. Nilicheka mpaka tumbo likaniuma siku mbili.

Kwa hiyo natafuta bibi mwingine, asiye na kamba.

Jumatano, 6 Agosti

Nimempata! Yumo kabatini kwa Padre. Katekista alipokwenda kugonga kengele, mimi nikagonga kabati. Kitabu kidogo cha hadithi za watoto wa Ulaya, zenye miaka zaidi ya mia na hamsini, mapadre wa zamani walikifasiri. Kuna binti anakimbia wafanyabiashara wa watumwa, simba anampigia magoti, anambeba mgongoni mpaka kwenye theluji. Wamemkosa kabisa! Hakuguswa hata unywele.

Nimesoma kwa kidole mpaka jua likazama. Theluji nimeigeuza ukungu wa Kilimarondo. Akili hiyo haifundishwi.

Alhamisi, 7 Agosti

Hadithi nimeijaribu kwa Jeremia, jirani yangu aliyehamia na ng'ombe zake kutoka kanda ya ziwa. Akasema, mzee, simba nimewaona wengi, wa kupiga magoti bado. Labda alikuwa anachagua mguu wa kuanzia. Hana elimu.

Halafu akauliza tena kwa nini mbuzi wangu nawafunga mguu badala ya shingo, kwao hata mtoto angechekwa. Nikamwambia achunge ng'ombe zake, wale waliokula mbaazi zangu. Akashika fimbo yake akaondoka. Nimeshinda.

Jumamosi, 9 Agosti

Mwalimu Dafrosa kaja. Nimevaa koti la harusi yangu ya pili. Nikamwachia simba, nikamwachia ukungu, nikanguruma mara mbili. Kalamu yake haikusogea. Akasema taratibu, babu, hiyo nilisoma nikiwa darasa la nne. Akaongeza kuwa kitabu chenyewe kinachungulia chini ya mkeka wangu.

Nikasema ni cha jirani.

Jirani mwenyewe akawa anapita na ng'ombe. Akapaza sauti, mwalimu, simba mwache, muulize habari ya mbuzi! Msaliti!

Mwalimu akauliza. Nikajibu kwa hasira kwamba hiyo si historia, ni ukorofi wa bibi Koleta. Ukimfunga mbuzi shingoni, chakula huli. Anakwenda mwenyewe kufungua, anasema: shingo ya kiumbe si ya kamba. Basi, tumezoea hivyo nyumba nzima mpaka leo. Mwalimu akauliza kama bibi alivaa shanga. Hakuvaa. Hata skapulari yake, kile kitambaa cha kanisa cha kuning'iniza shingoni, aliishonea kwenye pindo la kanga, shingoni hakutaka kitu.

Mwalimu akalia. Machozi kabisa! Nikajua simba ameanza kumwingia. Kama dawa ya mizizi, haina haraka.

Akaomba ruhusa ya kuliandika jina la bibi na lile lililompata. Hapo nikafunga vifungo vya koti. Niliwaona wajomba wamejipanga, wananitazama. Nikamwona na bibi, kapiga magoti kwenye mavi ya mbuzi, anahangaika na fundo. Halafu nikaiona picha ya Saturnini sura ya kwanza.

Nikasema andika. Andika kwa herufi kubwa.

Jumapili, 17 Agosti

Ushindi! Leo baada ya misa mwalimu kaisoma sura ya kwanza mbele ya watu wote. KOLETA, na jina langu chini yake. Pichani koti limetoka vizuri. Pango la Saturnini liko sura ya sita, na watu wamebaki kumi na moja.

Saturnini mwenyewe alikuja kwa bodaboda toka Nanganga. Akasimama. Nikajikaza kusubiri kamba yake. Akavua kofia. Akasema hata bibi yake yeye hakuvaa shanga maisha yake yote, na hakuna aliyewahi kumuuliza kwa nini. Akakaa.

Nimemnyamazisha! Na jioni hii nasikia kawafunga mbuzi wake miguu. Mwigaji! Mpaka bibi anaiga.

Dosari moja tu: simba kasahauliwa. Kazi yote kaifanya yeye, halafu kitabuni hayumo! Nitamwandikia mwalimu. Kile kitabu nimekirudisha kabatini, nikachukua cha pili. Mtoto kamezwa na nyangumi. Nyangumi nitamfanya kiboko wa mto Lukuledi, mtoto atakuwa mimi.

Anayebisha haya amuulize Mwalimu Dafrosa. Amuulize Jeremia. Atazame mbuzi wangu wanne, shingo zao safi. Saturnini pia anajua, ila atakataa. Simba angeshuhudia mwenyewe, bahati mbaya ameshakufa.